Mpingo Ukipasuka, Mkosaji Ni Mimi

Leo nimeitwa karakanani kushtakiwa kwa kosa la kupendwa.

Mume wangu anakereza kalamu za mpingo hapa Bombambili. Mpingo ni mgumu ila hautaki haraka: ukiutoboa mbio tundu la wino unapata moto, unapasuka.

Wiki hii vimepasuka vipande vitatu.

Bosi wake, Mzee Komba, hakuitikia hata shikamoo yangu vizuri. "Bibi harusi, huyu anaharakisha kazi, anakimbilia kwako. Vimebaki vipande viwili, na wateja wanakuja kesho. Akipasua kingine, akae nacho huko huko kwako."

Kwa hiyo nikaambiwa nikae kwenye benchi, mume asiwe na pa kukimbilia. Mzee ana akili nyingi mno.

Mpenzi wangu akatoboa taratibu, akisimama kidogo mpingo upoe, akinitazama. (Jamani, yale macho.)

Kikatoka kizima.

"Cha pili nipe mimi, muone kazi ya mtu mzima." Mzee akatoboa moja kwa moja, huku akituhubiria.

Kikapasuka katikati.

Mume wangu akauliza kwa heshima zote, "Samahani mzee, na wewe unamkimbilia nani?"

Hajafukuzwa. Mzee ametoka mwenyewe juani kutafuta mpingo mwingine.

Wake za mafundi, nyie mlishtakiwa kwa lipi?