Kila Siku Nilimwambia Mama Yake Amekula

Admin, ficha jina langu. La mtoto nimelibadilisha. Nina miaka 24, kwetu ni upande wa Molo, na kwa miaka mitatu nimefanya kazi ya nyumba Njoro kwa mama mmoja anayeshinda kazini Nakuru na kurudi jioni. Ana mtoto mmoja, nitamwita Shiro, miaka minane. Nilimpenda kama mdogo wangu.

Shangazi yake alikuwa anaolewa, na Shiro akachaguliwa kubeba maua. Siku ya kujaribu nguo, zipu ilikataa kufunga. Shangazi akasema, "Hizi ni chapati za kwenu." Tukacheka wote, hata mimi. Shiro hakucheka.

Kutoka hapo akaanza kuacha chakula. Kwanza chapati, halafu maziwa, halafu karibu kila kitu. Anakata ugali vipande vidogo, anavizungusha kwa sahani mpaka vipoe, kisha anavifunga kwa tishu na kupelekea kuku. Njoro ni baridi, kwa hivyo sweta mbili hazikushangaza mtu. Lakini mimi ndiye nilikuwa namwogesha, na niliona mbavu.

Nilimwambia nitasema kwa mama. Akanishika mkono akilia. "Aunty, ukisema sitakuongelesha tena. Watanilazimisha ninenepe."

Nikanyamaza. Mama akipiga simu kuuliza, "Shiro amekula?" najibu, "Amekula, mum." Karibu miezi miwili. Nilijiambia harusi ikiisha atarudia kula. Harusi ikaisha, nguo ikimning'inia, na watu wakamsifu vile amekuwa mrembo. Akazidisha.

Wiki tatu zilizopita alizimia shuleni. Mama alitoka hospitali moja kwa moja akanikuta jikoni. "Ulikuwa unampatia nini mtoto wangu? Ama chakula chake ulikuwa unakula wewe?" Jioni hiyo hiyo nilifunga nguo zangu nikaondoka.

Tangu nirudi nyumbani siwezi kutulia. Naenda kupalilia viazi, sijamaliza laini moja nimerudi kuangalia simu. Nikikaa mezani naona sahani ya Shiro. Mamangu ananiuliza nina nini, namwambia ni kichwa.

Juzi mama yake Shiro alipiga. Aliongea polepole.

"Nisamehe, nilikukosea. Daktari amesema ni ugonjwa, akili yake inamkatalia kula. Bado amelazwa. Hakubali kulishwa na mtu, anauliza tu uko wapi."

Akaendelea, "Wananiuliza ilianza lini na sijui. Nimewaambia ni kama wiki moja kabla azimie, kwa sababu wewe ulikuwa unaniambia anakula vizuri. Si ndiyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mum."

Alhamisi anakuja kunichukua mwenyewe. Ananiomba msamaha, na mimi ndiye nilimdanganya, na juzi nikamdanganya tena. Nikisema ukweli anaweza kunifukuza kabla sijafika kwa kitanda cha Shiro, na Shiro atajua nimetoboa siri yake. Nikinyamaza, daktari anatibu ugonjwa wa siku chache kumbe ni wa miezi.

Tafadhali msiniambie tu niombe, nimeomba. Wale mmewahi kuuguza mtoto wa hivi, nishaurini: nimpigie simu leo nimweleze yote, ama ningoje kwanza mtoto akubali kula kutoka kwa mkono wangu? Nikipiga, naanza kusema nini?