Mabakuli ya Watu

Nyumba yetu ilipoungua tulitajirika kwa mabakuli. Kijiko chetu wenyewe hatukuwa nacho hata kimoja, lakini kwenye kona ya chumba tulichojengewa na majirani kulikuwa na mabakuli ya kila aina: ya udongo, ya plastiki, ya bati yenye maua, hotpoti mbili, na kombe kubwa la samawati ambalo ndilo lililotangulia kuja. Yote ya watu, na yote yalikuja na chakula.

Kwetu ni nje kidogo ya Malindi, kwenye njia ya kwenda Magarini, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa wali, bakuli litarudi na kitu ndani, hata kiwe kidogo. Ukilirudisha tupu ni kama mtu kakusalimu ukampa mgongo. Na mama, kwa kuwa ni mpishi, ana sharti lake zaidi: kilichokuja kimepikwa kirudi kimepikwa.

Vya kupika havikukosekana. Viazi tuliletewa, unga tuliletewa, ndugu zetu wa Jilore walituma nazi gunia zima. Ila mama hakuwasha moto. Tangu siku ile, hata chai tulikunywa ya watu.

"Si tutie nazi moja moja ndani ya mabakuli, turudishe?" nilimwambia siku moja.

"Nile jasho la jikoni kwao, kisha niwapelekee nazi wakune wenyewe? Toka hapa."

Mama ni muuza viazi karai. Siku ya moto ilikuwa alasiri, karai li juu ya mafiga jikoni, mafuta yanachemka. Jirani yetu, ambaye ni shoga yake tangu mimi sijazaliwa, akamwita kutoka upande wa pili wa ua: "Shoga! Njoo hapa upesi nikwambie!" Mama akatoka. Hata hajaambiwa alichoitiwa, ukasikika mvumo nyuma yake. Mafuta yameshika, na moto umeshapanda kwenye makuti ya jikoni. Makuti yakishika hayakupi nafasi ya kufikiri. Mimi ni mchora hina, na nilikuwa ndani nakoroga ya bibi harusi mmoja. Nilitoka mbio, na nilipofika nje nikaona nilichookoa katika nyumba nzima ni koni moja ya hina. Watu walikuja na ndoo, na mchanga, na mayowe. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia.

Asubuhi yake paa halikuwepo, sanduku la mama halikuwepo, kitanda kilibaki misumari. Mafiga matatu tu ndiyo yalikuwa pale pale, kama mambo yale hayayahusu.

Mimi nina ugonjwa wa kuota ndoto mchana, na sikusoma sana hata niseme shule ndiyo iliyoniharibu. Nikaokota kijiti, nikachora nyumba juu ya majivu: ghorofa moja, ngazi, roshani ya kuanikia kanga. Mama akaja akasimama. Nikafurahi, nikachora na jiko, nikampa dirisha kubwa. Mama akalifuta lile jiko kwa unyayo wake, polepole, akaondoka. Roshani aliniachia.

Wiki zikapita hivyo. Kila mchana binti wa jirani alituletea chakula, lakini jirani mwenyewe hakutia mguu. Tulimwona kuku wake tu, akipita kwenye majivu yetu na watoto wasiofanana naye hata kidogo, wanatembea wakiyumba. Sikuuliza. Nilikuwa na mawazo mengine.

"Amenikasirikia," mama alisema. "Ana haki. Nusura nimchomee na yeye."

Mabakuli yakazidi. Nikaanza kuona chakula kinaletwa kwenye vitu vya ajabu: kwenye beseni, kwenye kopo la rangi lililosuguliwa likang'aa. Sikuelewa mpaka asubuhi moja jirani alipokuja mwenyewe.

"Hodi hapa!"

"Karibu," mama alijibu bila kuinua macho.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka, mikono kiunoni. "Shoga, nimefuata kombe langu. Kwangu watu wazima wanakula wali kwenye kifuniko cha sufuria. Jana mume wangu kanywa mchuzi kwa kata ya kuogea."

Mama akalitoa lile kombe la samawati, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akampa. Jirani akalichungulia, akaligeuza chini juu, akalitikisa.

"Hili tupu."

"Lichukue hivyo hivyo. Mimi sipiki tena."

"Ala! Kwani ule moto ulichoma na adabu?"

Nilijiona nakauka. Hakuna mtu aliyethubutu kumtania mama tangu siku ile. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Niliacha mafuta motoni. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu."

Jirani akaketi chini kwenye mchanga, kombe mapajani.

"Na uliitwa na nani? Uliitwa na nani, nakuuliza? Si mdomo wangu huu? Ningeufumba kidogo tu, leo una nyumba. Ndiyo maana sikuja. Nililituma kombe lije badala yangu."

"Nami nikidhani umenikasirikia."

"Nikukasirikie wewe?"

Wote wawili wakatazama pembeni, kila mtu pake. Mimi nikajitia kuhesabu mabakuli.

"Basi siondoki na chombo kitupu," jirani akasema. "Nitakaa hapa hapa. Mume wangu akija kunitafuta, utamjibu wewe."

Mama akanyanyuka. Akayatoa mafiga kwenye jivu, moja moja, akayapanga mahali peupe, mbali na kila ukuta. Nikakimbilia vifuu na makumbi, na kwa jirani nikaazima karai, mafuta na kibiriti. Mama akawasha. Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikazimika. Jirani hakumpokonya kibiriti. Alikunjua kanga yake tu, akakinga upepo. Ya tatu ikashika.

Mafuta yalipoanza kuimba mama alirudi nyuma hatua mbili.

"Kaa hapo," akamwambia mwenzake, "na usiniite."

"Sikuiti. Lakini ile habari niliyokuitia siku ile..."

"Nyamaza! Mafuta kwanza."

Viazi vikaiva, duara baada ya duara, vya manjano kama zamani, na mama hakuyatoa macho karaini. Alipoliepua karai na kuuzima moto kwa mchanga, ndipo akaketi na kujifuta jasho.

"Haya. Sema."

"Kuku wangu," jirani akasema, "kaangua mabata."

"Nini?"

"Nilimlalisha juu ya mayai ya bata, nikasahau. Alasiri ile ndipo yalipoanguliwa. Ungemwona alivyokuwa akiwatazama! Kama mtu kabadilishiwa mtoto."

Mama alimkazia macho. "Nyumba yangu nzima," akasema, "kwa mabata?"

"Na sasa wameshaota manyoya. Hata habari yenyewe imechacha."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mahali fulani katikati kile kicheko kikawa kilio, jirani akamshika bega, kisha kikawa kicheko tena. Mimi nililia tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Sina ustadi wa kuchanganya.

Siku ile nilizunguka mpaka adhuhuri nikirudisha mabakuli, kila moja na viazi vyake. Niliporudi kona ilikuwa nyeupe, haina chombo hata kimoja. Nikaokota kijiti changu, nikachora nyumba mchangani, na jiko nikaliweka mbali, na paa la mabati, na dirisha linaloelekea kwa jirani, ili mama akiitwa asikilize bila kutoka.

Mama akaja, akainama.

"Hilo dirisha," akasema, "lipanue."