Plagi Nilizobadilisha Kabla ya Posa ya Mdogo Wangu

Jamani, mwenye kosa ni mimi. Si fundi. Miaka minne watu wa kwetu Butiama wanamsema vibaya yule kijana, na mimi nimekaa nao nakunywa chai kimya!

Nina gari la zamani la tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ipate nguvu. Nilimpa fundi mmoja wa Nyasura, Bunda, akaliongezea nguvu, akafunga tabo kubwa zaidi na kupandisha presha. Kijana mtaratibu, hana papara. Katika kwenda na kurudi kwangu gereji akafahamiana na mdogo wangu wa kike niliyekuwa naongozana naye, wakapendana. Nitamwita Rhobi, si jina lake.

Siku aliponikabidhi gari alinionya: "Shemeji, injini hii si ya kawaida tena, inachemka sana ndani. Nimeiwekea plagi baridi, zile zinazotoa joto haraka. Asubuhi itakuwaga inatetemeka kidogo, vumilia. Usiwekage za kawaida."

Shemeji! Mahari hata haijapangwa, tayari ananifundisha gari langu mwenyewe. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Ni kweli lilitetemeka. Safari zangu ni za hapahapa Musoma mjini, mwendo wa pole, plagi zikashika masizi. Siku mbili kabla ya posa nikaingia duka la spea. Muuzaji akauliza aina ya gari na mwaka, akanipa plagi za kawaida za gari hilo. Sikumwambia kwamba injini imeongezwa nguvu. Nikazifunga mwenyewe. Gari likawaka mara moja, likatulia! Nikamcheka fundi moyoni.

Siku ya posa nikamchukua baba mkubwa kumpeleka Butiama. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake. Nikataka aone gari la mwanawe lilivyo. Kwenye mlima nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikaanza kugonga kama kokoto kwenye kopo, mara moshi, mara kimya. Lori likatuvuta hadi nyumbani, mzee amefura kwa hasira, na wageni wameshakaa.

Fundi akavua koti lake la posa, akafungua plagi moja. Ncha ilikuwa imeyeyuka. Akasoma namba iliyoandikwa juu yake, akanitazama. Alijua si zile alizofunga yeye! Akaifumba kiganjani.

"Gari hii nani huwaga anaitengeneza?" baba mkubwa akauliza.

"Ni yeye," nikasema. Mungu wangu, nilisema!

"Ni mimi, baba," fundi akajibu.

"Basi mtoto wetu hatumpi mtu wa kubahatisha."

Wageni walirudi Bunda bila hata kula.

Wiki iliyofuata nilimfuata gereji. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Nilikuwa nangoja useme wewe, shemeji," akasema. "Mimi pale nimekuja kuoa. Ningebishana na kaka wa binti mbele ya wazee?"

Nikamwahidi nitasema. Sikusema! Maneno yakafika Bunda, wateja wakamkimbia, akahama. Nasikia huko aliko ameshaoa.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Rhobi kule Mwigobero anakouza dagaa, nikamweleza yote. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Na yeye siku ile alijua ni wewe?"

"Alijua."

Akakaa chini. "Mimi nilimwambia ni mzembe, asinipigiage simu tena. Kaka, nilimwambia hivyo!"

Hajaolewa mpaka leo. Simu zangu hapokei. Na ana haki.

Ndugu zangu mnaopenda magari ya nguvu, fundi akikwambia plagi hii usiguse, usiguse. Lakini ukishaharibu, sema palepale, mbele ya watu walewale, hata kama uso utakushuka. Usijidanganye kama mimi kwamba utasema wazee wakipoa. Wazee wanakufa!

Baba mkubwa tulimzika mwanzoni mwa mwaka huu. Alipozidiwa aliniita kitandani, akanishika mkono, akanishukuru kwa kumwepusha Rhobi na yule mtu.

Nikamjibu, "Asante, baba."