Nilimfungia mjukuu magemu, kesho yake nikafungiwa mimi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, naitika kabisa kabla hamjaniamkia.

Haya ni ya kweli tupu, na shahidi ndiye anayeandika. Mimi nasema, Zuhura anabonyeza. Mimi shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu.

Zuhura ni mjukuu wangu, tunakaa wote huku Mnyambe. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, ni mke mwenza wangu. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba mbele yangu!

Sasa mama yake kamletea toka Masasi kile kidude cha magemu, cha kushika kwa mikono miwili.

Aka! Mtoto kahamia humo.

Na korosho zinaanguka wakuu. Chini ya mikorosho ni mabibo tupu, na mawingu yanapanda toka bonde la Ruvuma. Korosho ikilowa inashuka daraja, na hela ya sare ya Zuhura ya kidato cha kwanza iko humo humo kwenye korosho.

"Nakuja bibi, nimalize hii."

Hiyo "hii" haiishi!

Nikakibeba mpaka Newala mjini kwa fundi simu, dada mmoja mcheshi. Akanielewesha: kila mtu anawekewa jina lake mle ndani, halafu unachagua app zipi afungue, zipi asifungue.

Zuhura nikamwachia ya hesabu tu. Mimi nikajiachia zote.

Zote za nini? Jamani, kuna moja ya samaki anameza wenzake, ananenepa. Nilijaribu tu nione kama inafunguka...

Fundi akasema, "Mama, password usimtajie mtu."

"Mimi kungwi, mwanangu. Utanifundisha wewe kutunza siri?"

Jioni nikakaa barazani nifungue upande wangu. Sasa sisi kisomo tulifundishwa kwa kuimba, mkono hauandiki mpaka mdomo utaje. Nikabonyeza: ma, bi, bo. Kwa sauti! Na Zuhura yuko palepale anamenya mihogo.

Asubuhi nakishika nimlishe samaki wangu. Samaki hakuna! Upande wa BIBI imebaki app moja. Naibonyeza, natokea wingu jeusi linadondosha matone.

"Zuhura! Samaki wangu yuko wapi?"

"Kafungiwa, mke mwenza. Hiyo ni hali ya hewa, nimeiunganisha na simu yako. Mchana mvua. Tuokote kwanza."

"Password kakupa nani?"

"Wewe! Umeiimba jana mpaka kuku wameijua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tukabeba ndoo. Yeye anaokota, mimi nazing'oa kwenye mabibo, matusi ya utani juu kwa juu. Gunia la mwisho linavuka mlango, tone la kwanza likapiga bati. Nikapiga kigelegele! Tukatega na ndoo kwenye michirizi, maji ya bure huku si mchezo.

Halafu Zuhura akanifungulia, tukabanana mkekani, samaki kanenepa hadi raha.

Nilichojifunza: app fungia, lakini ukimfungia mtoto, jifungie na wewe.

Password mpya kaiweka Zuhura. Kaibonyeza bila kutikisa mdomo. Mwali kamshinda kungwi!

Haya, nyie wajukuu zenu wamewafanyaje? Semeni, Zuhura atanisomea. Ila muandike mafupi, samaki ana njaa.