Nilivyopima kisu cha mke wangu kwa wivu, nikakiharibu

Wakuu, habari za mapumziko.

Nianze na ujinga wangu ili mcheke mapema tumalize: niliwahi kukifukia kisu kwenye makaa ya jikoni, eti napima kama kilipikwa sawasawa. Sijaongeza chumvi. Yalinikuta mwenyewe, Kibondo, miaka ya sabini.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba mstari mmoja, ukipiga chafya wa nyumba ya tatu anakuombea afya. Kwangu raha tu, maana mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ilikuwa kwenda kisimani, na hiyo nayo nilikuwa naitafutia sababu ya kuiahirisha.

Mke wangu Skolastika alikuja na kisu kutoka kwao Kasulu. Kilifuliwa kwa springi ya lori. Kumenya muhogo, kuchinja kuku, kuchonga mwiko, ni hicho hicho. Nikamnunulia kingine dukani, kinang'aa. Akashukuru, akakitundika ukutani kama kalenda.

Siku moja jirani yetu Mama Jeremia, naye mzaliwa wa Kasulu, alikuja kukiazima, akakigeuzageuza, akasema, "Gervasi alijua kufua. Wakati huo si alikuwa bado anamtaka Skolastika."

Gervasi gani?

Kumbe ni mhunzi wa huko Kasulu. Aliposa kabla yangu, baba mkwe akanichagua mimi kwa ajili ya cheti cha sekondari. Cheti ambacho hadi leo hakijamenya muhogo hata mmoja.

Kuanzia hapo nikawa nakionea kisu wivu. Ndiyo, kisu. Kila jioni anakipangusa, anakipaka mafuta, anakichomeka pazuri juu ya mlango. Mimi nikiumwa mgongo naambiwa nijinyooshe.

Nikaamua kuthibitisha kwamba hakikupikwa vizuri, yaani chuma chake hakikukomazwa kwa moto.

Nikapitisha tupa kwenye makali. Chuma laini tupa hukila. Hapa iliteleza kama inapita juu ya chupa.

Nikakandamiza makali kwenye msumari. Yakapinda kidogo, yakarudi yalivyokuwa.

Nikakata mfupa mkavu wa ng'ombe. Hakuna pengo.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema kilichobaki ni moto wenyewe. Chuma kizuri kitashindwaje na jiko la kuchomea viazi?

Nikakifukia, nikapepea hadi kikawa chekundu, nikakiacha kipoe chenyewe. Nikarudia tupa: ikakila kama sabuni ya mche. Kwenye msumari makali yakajikunja, yakabaki hivyo hivyo.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomsikia Skolastika akirudi kutoka shamba.

"Kisu nimekifunga kwenye kitambaa," nikamwambia. "Kesho nakipeleka Kasulu kikanolewe."

"Kasulu? Na hilo jiwe la mlangoni ni la kukalia?"

Nikapanda lori la maharage, mimi ambaye kisimani tu kunanishinda.

Gervasi alikitambua kisu kabla hajaniuliza jina. Jitu lina mabega, na linajijua.

"Hiki kimeungua," akasema. "Skola hawezi kukifanyia hivi."

Skola. Mimi mumewe namwita jina lote.

Akakipasha upya, akakizamisha kwenye mawese kama ilivyo desturi yake, akakisugua, kisha akakirudisha motoni kidogo hadi kikapata rangi ya ndizi mbivu. Akanipa tupa. "Pima mwenyewe, msomi."

Nikapima huku nikiomba ing'ate. Ikateleza.

Nyumbani, Skolastika alimenya muhogo mmoja. Akakinusa kisu.

"Mawese," akasema, akatabasamu akiangalia ukuta.

Hakuniuliza kitu, wakuu. Afadhali angenigombeza.

Nilichojifunza: tupa na msumari vinatosha, moto mwachie aliyekifua. Na kama mwenye kukusumbua ni mtu, mfuate yeye, kisu hakijui lolote. Kama na wewe umewahi kuonea wivu chombo cha jikoni, funguka hapo chini nisibaki peke yangu.

Mama Jeremia alinibana mpaka nikamsimulia yote. Hakuacha hata kupeta maharage yake. Akasema:

"Mara ya kwanza alimfulia msichana wa watu. Hii ya pili amemfulia mke wako, na aliyempelekea kazi ni wewe."