Tulimzomea Mtu wa Kwenye Hadithi

Nimetembea sana na nimeona mengi. Lakini darasa zima la watu wazima kukizomea kiti kitupu? Hilo lilikuwa geni.

Mimi ni kiguu na njia. Shule nimeisoma vipandevipande, nusu darasa huku, robo kule. Uzeeni nikajiunga na darasa la watu wazima. Wakanibatiza Babu Kiguu. Freshi tu.

Mwalimu wetu alikuwa na mtindo wake. Anasoma hadithi, halafu anaweka kiti mbele.

"Mhusika kakaa hapo. Mwenye neno naye amwambie."

Weee! Tapeli mmoja wa hadithini alizomewa mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Aliyekaa kimya ni binti mmoja, msusi. Tangu mafuriko yamchukue mdogo wake, alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Shangazi yake alishakata tamaa.

Siku moja mwalimu alimweleza msusi kwanza hadithi inahusu nini. "Niisome?" Binti akainamisha kichwa: soma.

Ni ya mtoto aliyekimbia nyumba inayoungua, mdogo wake akabaki ndani.

Mimi nikainuka kama mshale. "We mtoto! Ulikimbiaje peke yako? Huna haya?"

"Babu, mwache!"

Tukageuka. Alikuwa msusi!

"Alikuwa mtoto! Moto haungoji mtu amshike mwenzake mkono." Akasimama. "Hata maji hayangoji. Mimi nilimshika, yakaninyang'anya."

Shangazi mtu angekuwepo angepiga vigelegele. Mimi nikabaki nakitazama kile kiti kitupu.

Maana yule mtoto nilikuwa namjua. Nilikuwa mdogo hivyohivyo nilipokimbia nyumba yetu ikiungua na mdogo wangu ndani. Tangu hapo natembea, sijawahi kumwambia mtu.

Nikajikokota, nikakikalia kile kiti.

"Mjukuu wangu, hebu nirudie hayo maneno."

Akanitazama, akaelewa. "Ulikuwa mtoto, babu."

Tulilia darasa zima, mpaka mwenzetu mmoja, muuza nyama, akafoka, "Jamani, na hesabu bado hatujasoma! Huko si tutakufa kabisa?"

Kicheko!

Siku hizi msusi anaongea mpaka mwalimu anamwomba apumzike. Na mimi nimepanga chumba, nimenunua hadi kitanda.

Ndugu msomaji, kama una jambo limekukwama kooni, anza kwa kumtetea mtu wa kwenye kitabu. Yeye hachoki kusikiliza, na hatakusengenya.