Hodi za Maktabani

Chumba cha maktaba pale Mwananyamala kilikuwa na bango moja tu: KIMYA. Miaka ile kila biashara ilikuwa ruksa, na wenye jengo walishampata mtu wa kukipanga auzie humo mitumba. Mama wa maktaba aliambiwa Ijumaa afisa wao angekuja kutazama. Akikuta viti vitupu, anafunga.

Mimi shule niliiacha darasa la sita na kazi ya kudumu sikuwa nayo. Pale nilikuwa nasoma chochote, hata kitabu cha kufuga nyuki. Chumba kile kikifungwa, sikuwa na pengine pa kusomea.

"Watu hawaingii kwa nini, mama?"

"Hawapendi kusoma. Basi."

Sikuridhika. Nikatoka, nikakaa barazani. Akaja mwanamke anayetoka hospitali, pakiti ya dawa mkononi, akasimama kizingitini. "Hodi." Ndani kimya. "Hodi!" Kimya. Ya tatu aliisema kwa unyonge, kisha akageuka. "Hamna watu," akaniambia, akaenda zake. Kumbe mama yumo, kaketi nyuma ya kabati la vitabu. Baada yake wakaja wengine, ikawa vile vile. Ndivyo tulivyolelewa: hodi tatu bila karibu, unaondoka.

Nikaingia. "Mama, watu wanabisha hodi na wewe huwaitikii."

"Maktaba haibishwi hodi. Mtu anaingia tu."

"Nani kawaambia?"

"Bango linasema kimya. Nianze kupayuka mie mwenyewe?"

"Basi tuliondoe kabati, angalau wakuone."

"Wee nawe umeshakuwa bosi wangu?" Lakini alishika upande wa pili, tukalisukuma.

Ijumaa afisa alikuja na kufuli jipya. Msomaji nilikuwa peke yangu.

"Ndiye huyu? Huyu si yule mzururaji wa Mwenge?" Akaanza kulitoa kufuli kwenye boksi lake.

"Hodi," ikasikika mlangoni.

Mama alimtazama afisa, akatazama bango. Nilitamani kuitikia, lakini mgeni hamkaribishi mgeni.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi jamani..."

"Karibu, baba! Pita ndani!" Sauti ya mama ilinishtua.

Akaingia fundi wa vinyago, vumbi la mpingo mpaka kwenye nyusi. Mteja wa Kizungu alimwagiza kangaruu, naye hajawahi kumwona hata kwa picha. Mama akamtafutia kitabu. Fundi akakaa sakafuni, akawa anafuatisha mchoro kwa kidole.

"Huu mfuko wa mtoto uko tumboni au ubavuni?"

Afisa akajisahau, akainama. "Tumboni. Fungua ukurasa wa pili." Halafu akajikohoza. "Fanya haraka, mzee, tunafunga."

"Tunafunga nini? Mie ndo kwanza nafika mkiani!"

Afisa alisimama, akangoja, akachoka. Akasema atarudi Jumatatu, akatoka.

Jumatatu aliwakuta mafundi wanne wamekizunguka kitabu kile wanabishania masikio ya kangaruu, na yule mwanamke wa hospitali mezani kwa mama, anasomewa maelezo ya dawa. Afisa hakukaa, akaondoka na kufuli lake. Muuza mitumba, wenye jengo wakamtafutia chumba kingine.